Kumtafutia Samaki wa Mami Mwenzake

Mami, mama yangu mzazi, alinipa wiki moja. Ama samaki apate mwenzake, ama yeye arudi Subukia kwa ng'ombe wake, mguu umepona au haujapona.

Sikufika hapo kwa bahati mbaya. Mimi ni mtu mzima, kazi yangu ni kurekebisha mizani za wafanyabiashara wa Nakuru na vitongoji vyake, na nilifikia kupewa makataa juu ya kiumbe cha urefu wa kidole kwa hatua ambazo kila moja niliifikiria vizuri.

Hatua ya kwanza ilikuwa ndama. Mami alivunjika mguu akimfukuza ndama kwenye mboga zake za sukuma wiki. Daktari akaufunga plasta, akasema wiki sita, kisha picha nyingine, na kabla ya picha hiyo mguu usiwekewe uzito hata kidogo. Kule Subukia nyumba ya Mami iko juu ya mteremko, choo kiko chini ya mteremko, na zizi liko katikati. Nikamleta kwangu. Ng'ombe wakabaki na mdogo wangu, ambaye kwa maoni ya Mami hukama kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

Mke wangu alikuwa ameenda mbali kumsaidia binti yetu aliyejifungua, na mimi hutoka asubuhi nikarudi jioni. Kwa hiyo Mami alikaa mchana kutwa kwenye kiti karibu na dirisha, mguu juu ya stuli, magongo pembeni, akiangalia ukuta wa jirani. Televisheni hakuitaka. Alisema watu wa mle ndani wanagombana bila sababu na hawana mifugo. Siku ya nne aliniambia ukuta ule ameumaliza. Siku ya tano nikamkuta amefunga mzigo wake, na amemwomba jirani amtafutie gari.

Hapo ndipo niliponunua samaki. Mjini kuna duka linalouza chakula cha mbwa, vizimba vya sungura na samaki wa mapambo, na mama mwenye duka alinionyesha mmoja aliyekuwa kwenye mtungi wa plastiki, wa buluu iliyochanganyika na nyekundu, mapezi yake marefu kama joho la kwaya siku ya Pasaka.

"Huyu anaitwa beta," akasema. "Ni mrembo, boss, lakini roho yake ni mbaya."

"Mbaya vipi?"

"Hawezi kaa na dume mwenzake. Hata ukimwekea kioo anapigana nacho."

Nilinunua tangi la vioo, kifaa cha kupasha maji joto kwa sababu asubuhi za Nakuru si za mchezo, na kipimajoto. Maji nikachanganya nusu ya mvua na nusu ya mfereji, maana maji yetu ya mfereji hupaka watu meno rangi ya chai na sikutaka kujua yatampaka samaki nini. Nikaweka tangi mbele ya kiti cha Mami. Alimwangalia samaki kwa muda mrefu.

"Huyu ni dume," akasema.

"Umejuaje?"

"Angalia anavyotembea, na hakuna mahali anaenda."

Mzigo ukafunguliwa. Nilipata wiki mbili za amani. Kila jioni nilipokea taarifa ya siku: amelala chini ya jiwe, ameamka, amefokea kijiko. Hakumpa jina, kwa sababu Mami hampi mnyama jina kabla hajajua kama atakaa. Kisha jioni moja akaniita. Yeye huniita Baba, maana jina langu ni la babake. Jambo hilo hunipa heshima ya mwito tu, na yanayofuata baada ya mwito huwa ni yale yale anayowaambia watoto wake wengine.

"Baba, huyu samaki anaugua."

"Anaugua nini?"

"Hana mtu wa kumkasirisha. Mtu akikosa wa kumkasirisha anaisha. Na mimi siwezi kuangalia mtu mmoja siku nzima. Hata ule ukuta ulikuwa na mchwa." Kisha akatoa makataa yake, na kwa macho akanionyesha mahali mzigo ulipokuwa.

Mimi sikusoma zaidi ya Kidato cha Nne. Ninachojua kuhusu mizani, umeme na maji nilijifundisha mwenyewe kwa kusoma kitu kimoja mara tatu. Nikachukua daftari, nikachora safu nne: mapezi, rangi, tabia, joto la maji. Beta huwashambulia wenye mapezi marefu na wenye rangi kali kwa kuwa huwadhania ni wapinzani. Wale wenye tabia ya kudonoa nao humdonoa yeye, kwa sababu mkia wake umeumbwa kama chakula kinachopeperushwa. Na anayependa maji baridi hawezi kukaa na anayependa maji ya moto bila mmoja wao kuumia, jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kugombania blanketi analijua.

Nikaanza kukata majina. Dume mwenzake: kifo. Jike: wanaonana kwa shughuli moja, kisha lazima watenganishwe haraka kabla hajamuua, na ndoa za namna hiyo naziona bure mtaani bila kununua tangi. Samaki wa dhahabu: hupenda baridi na hunya kama ng'ombe. Wale wenye mikia ya feni: mapezi, rangi, makosa mawili kwa mpigo.

Jirani yangu alipopita kumsalimia Mami alilikuta daftari mezani. Huyu babu yake alikuja kutoka magharibi kufanya kazi ya reli, na mpaka leo anaongea juu ya gari moshi kama kwamba ni shamba la ukoo wao.

"Jirani, hii kazi yote ni ya nini?" akauliza. "Si ulete ngege moja kutoka soko. Wakigombana, tunakula ile imeshinda."

"Wewe mtu wa reli," Mami akasema, "kwenu samaki akiingia nyumba anaenda sufuria moja kwa moja."

"Na kwenu mathe, samaki aliingia nyumba lini?"

"Aliingia juzi. Na unaona amejengewa ya vioo."

Nilichagua samaki sita wadogo wa kijivu, wenye mapezi mafupi, ambao katika safu zangu zote nne hawakuwa na doa. Niliwaleta Jumatatu, nikawatia majini, nikakaa kitako kuangalia matunda ya elimu. Beta alifungua mapezi yote. Kabla chai yangu haijapoa, watatu walikuwa wamejibanza nyuma ya kifaa cha joto, wawili walikuwa wanazunguka tangi kama watu waliosahau mlango, na wa sita aliruka nje akaangukia plasta ya Mami. Tulimrudisha akiwa hai, ingawa sidhani kama alishukuru.

"Umewaingizaje?" Mami akauliza, akijipangusa maji.

"Nimewatia tu."

"Na mwenyeji alikuwa ndani?"

"Alikuwa ndani."

"Kuku mgeni anaingizwa hivyo? Kwangu ulikua ukiona nikifanya hivyo?" Akanieleza polepole, jinsi mtu anavyomweleza mgeni njia ya kwenda chooni. Unamtoa yule mkorofi. Unawaacha wageni ndani wazoee. Unahamisha hamisha vitu, kiota huku, sahani kule. Kisha unamrudisha mkorofi, na anapoingia hajui tena kama ile nyumba ni yake. "Akimaliza kujiuliza, wenzake wamezoea."

Jambo hilo nilikuwa nalo. Lilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho wa yale niliyokusudia kusoma, ambao niliuacha kwa sababu kichwa chake kilikuwa kinahusu kupanga mawe, nami nilidhani mawe ni urembo.

Tulimtoa beta tukamweka kwenye jagi. Mami akaamuru mawe, nami nikapanga. Tulipomrudisha jioni aliogelea pembe zote nne kwa mashaka, akalikuta jiwe lake upande wa kushoto, na hakumfukuza mtu. Mami alifurahi kwa siku moja nzima. Siku ya pili wale wa kijivu wakagundua kwamba wao ni sita. Wakaanza kumdonoa mkia kwa zamu. Daftari langu lilisema wana tabia njema, na sijui aliyeandika maneno yale niliyoyanakili aliwahi kukutana nao wapi. Nikawarudisha dukani.

"Boss, si nilikuambia ana roho mbaya," mwenye duka akasema.

"Safari hii ni wao."

Zilikuwa zimebaki siku mbili. Nikarudi kwenye daftari nikakata kila kitu chenye pezi. Kikabaki kitu kimoja, na nakumbuka nilivyojisikia nilipokiona, kwa sababu ndivyo ninavyojisikia ninapopata kosa kwenye mizani ambalo mafundi watatu wamelikosa. Konokono. Konokono hana mapezi. Hana haraka, hana wivu, hana la kugombania. Akitishwa hufunga mlango. Hula uchafu wa vioo. Nilinunua mmoja wa manjano, ukubwa wa kifungo cha koti, nikamtia majini kwa utaratibu wote wa kuku mgeni wakati Mami akipumzika chumbani baada ya chakula. Beta alimjia, akamfokea, akangoja jibu, akachoka.

Mami alitoka na magongo yake, akakaa, akainama mbele. Uso wake ulibadilika.

"Baba. Hicho ni nini?"

"Ni mwenzake."

"Umeleta konokono ndani ya nyumba yenye mtu mgonjwa?"

Nilikuwa nimesahau mtamba. Nilipokuwa mdogo Mami alikuwa na mtamba mweusi aliyependa kulisha kwenye kinamasi chini ya shamba. Akakonda, taya likavimba maji, akafa. Waliompasua wakamwonyesha Mami ini lake lililojaa minyoo. Mtu wa mifugo akamwambia minyoo ile huishi kwanza ndani ya konokono wa majini. Tangu siku hiyo Mami hajawahi kumpita konokono akiwa hai, yaani konokono.

Nikamweleza vizuri. Nilimwambia minyoo ya ini lazima itoke kwa ng'ombe mgonjwa, iingie majini, iingie kwa konokono wa aina fulani, itoke, ipande kwenye nyasi, nyasi ziliwe. Huyu wa manjano alizaliwa kwenye tangi na hajawahi kuona ng'ombe. Nikamchorea duara kwenye daftari na mishale.

"Na hiyo sukuma ninakula, unaosha kwa maji gani?"

"Si kwa haya."

"Leo si kwa haya," akasema, akageuza uso dirishani. Nilidhani nimeshinda. Nimeishi na mama yangu miaka hii yote na bado nilidhani hivyo.

Kesho yake nilikuwa kule Bahati, kwenye ghala la mnunuzi wa mahindi, nimevua kifuniko cha mizani yake na nimepanga mawe yangu ya kupimia sakafuni. Simu ikalia.

"Baba, uko na nafasi?" Mami hajawahi kuniuliza kama nina nafasi.

"Niko. Kuna nini?"

"Mtu akitia mrututu kwa maji ya samaki, kiasi kizuri ni gani?"

Mrututu ni ile chumvi ya buluu ya duka la dawa za mifugo. Wafugaji huiyeyusha kuoshea kwato, na wengine huimwaga kinamasini kuua konokono. Mami alikuwa nayo ndani ya mkoba wake, pamoja na dawa zote za zizi, kwa sababu hakutaka mdogo wangu azikaribie.

"Hakuna kiasi kizuri," nikasema.

"Hata ncha ya kisu?"

"Mami, umetia?"

"Konokono amekufa," akasema, kwa sauti ya mtu anayeanza na habari njema.

"Na samaki?"

"Samaki amelala ubavu. Juu ya maji. Anapumua lakini ni kama mtu anamalizia." Kisha, kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake hata siku ya mguu, akasema, "Baba, sikutaka yeye."

Nilimwambia asisimame, amwite jirani kupitia dirishani. Jirani akaja kwenye simu. "Niko hapa kwa daktari ya samaki," akasema. "Sema."

Nikampa hatua moja moja. Kichujio cha chai, safi. Mtungi mweupe jikoni, wa maji niliyoyaacha yatulie kwa ajili ya kubadilisha. Sufuria kubwa. Maji kidogo yapashwe, yachanganywe na yale baridi, yafike nyuzi ishirini na sita.

"Jirani, sufuria haina nyuzi. Na kipimo yako iko ndani ya hiyo sumu."

Nyuma yake nikamsikia Mami: "Ni maji ya kuogesha mtoto hayo. Leta hapa nitie kiwiko."

Nilisikia maji yakimwagwa, nikamsikia Mami akisema bado, bado, ongeza baridi, basi. Nikamsikia jirani akimwambia samaki, "Kuja mzee, usiniumize." Kisha jirani akasema samaki ameingia, na sasa amesimama wima lakini amechoka kuliko yeye jirani.

Mwenye ghala alikuwa amesimama karibu nami muda wote huo.

"Ni mgonjwa wako?" akauliza kwa huruma.

"Ni samaki."

"Wa kula?"

"Hapana."

Akaitazama mizani yake iliyofunguliwa, na nikaona imani yake ikipungua.

Nilipofika nyumbani nilipima maji ya sufuria. Sufuria ilikuwa imefunikwa taulo, na yalikuwa bado ishirini na tano na nusu. Sikumwambia. Beta alikuwa amelala chini, mapezi yamekunjamana, rangi imepauka kama kanga iliyoanikwa juani mwaka mzima. Mami hakula jioni ile. Aliketi na sufuria mapajani.

"Ng'ombe nikimpa dawa akaanguka," akasema, "sitoki kwa zizi mpaka ale."

"Najua."

"Basi siendi mahali. Ale kwanza. Na ale kwa mkono wangu."

Akanituma chumbani niufungue mzigo, ambao alikuwa ameufunga tena. Nikaufungua, na nikiwa huko nikapiga hesabu kwenye kalenda ya ukutani. Mpaka siku ya picha ya mguu zilibaki siku kumi na sita.

Nililiosha tangi mara tatu, nikatupa changarawe, nikamrudisha. Siku ya kwanza hakula. Siku ya pili hakula. Siku ya tatu niliamka mapema kwenda kazini, Mami bado yuko chumbani, nikatikisa kopo la chakula chake, nikadondosha punje moja. Beta alipanda, akaimeza, akanitazama kama mtu aliyecheleweshewa. Nilifurahi kwa muda wa kama pumzi mbili. Kisha nikasikia magongo yakigonga sakafu chumbani, nikaona mbele yangu ule mteremko wa Subukia, nikadondosha punje nyingine nne.

Mami alipotoka, akampa punje yake kwa ncha ya kidole. Beta aliiangalia, akageuka.

"Bado," akasema Mami.

"Bado," nikasema mimi.

Mimi hula kwa kuhakikisha kilo ni kilo. Nimekataa chai ya wafanyabiashara wanaotaka kilo iwe nyepesi kidogo, na mmoja alinifukuza na mbwa. Kipimo sijawahi kukichezea. Lakini asubuhi kumi na tatu mfululizo nilimshibisha samaki yule kwa siri ili amkatae mama yangu. Na kwa kuwa beta akilishwa kupita kiasi huvimba na kufa, nilitafuta idadi ya punje inayomfanya akatae bila kumdhuru. Ni tano. Nne hazitoshi, na sita ni ukatili.

Rangi yake ikarudi, mapezi yakasimama. Jirani akaja, akamchungulia.

"Mathe, hii mgonjwa mbona ina tumbo?"

"Ni uvimbe," Mami akamjibu. "Wewe nyamaza."

Siku ya picha ikafika. Asubuhi hiyo sikumpa samaki kitu. Mfupa ulikuwa umeshika vizuri, daktari akakata plasta, na Mami akauangalia mguu wake mwembamba kama mtu aliyerudishiwa mbuzi aliyekopeshwa. Tuliporudi nyumbani aliingia kwa mkongojo mmoja, akaketi, akalowesha kidole, akakibandika punje. Beta aliipokonya kabla haijafika majini.

"Amepona siku moja na mimi," akasema. "Ajabu."

Mdogo wangu alikuja kumchukua kesho yake kwa gari la kubebea maziwa. Nilikuwa nabeba mkoba wa dawa, ambamo nilikuwa nimeutoa mrututu, na Mami aliniona nikiutoa.

"Baba, kesho usimpe hizo tano za asubuhi," akasema. "Amekuwa na tumbo kama diwani."

Nikasimama. "Ulijua?"

"Hilo kopo linalia kama njuga. Mguu ndio ulivunjika, masikio ni mazima."

"Na hukusema kitu."

"Ungeniomba nikae, ningeenda." Akanipa mkongojo nimshikie, akapanda mbele ya gari, akaupanga mguu wake vizuri, akamuuliza mdogo wangu ng'ombe wangapi bado wanasimama.

Nikamuuliza dirishani kama nimletee beta konokono mwingine, sasa kwa kuwa mwenye dawa anaondoka. Au kambare wadogo, ambao kwenye daftari nilikuwa nimewakata kwa ajili ya mapezi tu.

"Usimletee mtu," akasema. "Kaa wewe kwa hicho kiti. Mkasirishane."

Kwa hiyo jioni hukaa kwenye kiti cha Mami, mke wangu naye amerudi na hukaa chake. Kwa nguo za kawaida beta hanijali hata kidogo. Lakini nikirudi kazini kabla sijavua koti langu la fundi, ambalo ni la buluu, hufungua mapezi yote na kunijia mpaka kwenye kioo, nami husogea karibu kidogo.